Polaritoni za Uso

Polaritoni za uso ni mawimbi chotara. Huzaliwa nuru inapofungamana na mtetemo wa atomu za fuwele, au na mwendo wa elektroni, kisha hutambaa juu ya uso wa kitu badala ya kusafiri huru. Wapimaji wa molekuli huyatumia kuibana miale ya infraredi.

Tatizo ni ukubwa wa wimbi. Kila aina ya molekuli hufyonza infraredi kwa namna yake, na ndivyo inavyotambulika. Protini hufyonza sana karibu na mikromita 6. Lakini protini moja ina upana wa nanomita chache tu. Wimbi refu kuliko kitu mara elfu moja haliathiriwi nacho sana, hivyo sampuli ndogo hutoa ishara hafifu.

Mwaka 2015 watafiti wa Lausanne na Barcelona waliripoti kipimo cha protini kilichotumia grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Ukibadilisha volteji, grafini huitikia wimbi jingine. Nitridi ya boroni, kitu kingine kinachobeba mawimbi haya, hupoteza nishati kidogo kuliko grafini, ila ina ubaguzi: hufanya kazi kati ya mikromita 6.2 na 7.3 hivi, na tena kati ya 12.1 na 13.2. Kilele kikuu cha protini kimeachwa nje kidogo tu!

Msomaji wa Kisii, Kenya, ana jirani katika habari hii. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil walionyesha kuwa mawimbi ya grafini huungana na mitetemo ya talki ya asili iliyochambuliwa kuwa tabaka nyembamba. Talki ndiyo madini makuu ya mawe mengi ya sabuni, na Kaunti ya Kisii inasifika kwa vinyago vya jiwe la sabuni la Tabaka. Hata hivyo, mchanganyiko wa madini hutofautiana machimbo kwa machimbo. Kufanana jina hakutoshi.

Afrika Mashariki infraredi tayari inasoma damu. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, Tanzania, na wenzao walichunguza matone makavu ya damu ya watu 296, wakatambua malaria kwa usahihi wa asilimia 92. Hawakutumia polaritoni. Wangezitumia, wangekabili kikwazo kipya: wimbi lililobanwa huhisi kilicho karibu sana na uso, na katika damu kinachowahi kuganda hapo ni protini za kawaida, si dalili za vimelea.