Damu ya Kikwit, dawa ya Beni



Mwaka 1995, katika mji wa Kikwit, wagonjwa 8 wa Ebola walitiwa damu ya watu walioupata ugonjwa huo wakapona. Kati ya hao 8, walipona 7. Siku zile, katika kila wagonjwa 5 wa Kikwit, karibu 4 walikuwa wakifa. Yeyote angalisema: dawa imepatikana! Lakini ilipita miaka 24 kabla jambo hilo halijajulikana kwa hakika. Tutafakari leo juu ya miaka hiyo.

Habari yenyewe ilianza Yambuku, mwaka 1976. Daktari Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi, alitumwa huko kwa sababu ugonjwa usiojulikana ulikuwa ukiua watu katika hospitali ya misheni ya Kikatoliki. Alitoa damu za wagonjwa bila kuvaa glavu, akaona kwamba pale sindano ilipochoma, damu haikukoma kutoka. Alirudi Kinshasa pamoja na sista mmoja Mbelgiji aliyekuwa mgonjwa. Damu ya sista huyo ilipelekwa Antwerpen kuchunguzwa. Yeye mwenyewe alifariki. Watu 318 waliugua katika mlipuko huo, na 280 kati yao walikufa.

Ugonjwa uliporudi, safari hii Kikwit, uliwaangusha pia wale waliouguza wenzao. Masista 6 wa shirika moja la Bergamo, Italia, walikufa wakihudumia wagonjwa. Hapo Muyembe na wenzake walifikiri hivi: mtu aliyepona Ebola ana kingamwili katika damu yake, yaani askari ambao mwili umewatengeneza ili kupigana na virusi hivyo. Basi, je, askari hao hawawezi kumsaidia mtu mwingine?

Wataalamu wengi wa nchi za nje hawakukubali, na tuseme kweli, mashaka yao yalikuwa na msingi. Wagonjwa wale 8 walitiwa damu mlipuko ukielekea kwisha, wakati huduma ilikuwa imekwisha kuwa bora. Huenda baadhi yao walikuwa wamekwisha kuvuka siku za hatari. Tena hapakuwa na wagonjwa wengine wa hali ileile, waliohudumiwa vilevile bila kutiwa damu, ili hao wawili walinganishwe. Mtu akinywa dawa akapona, bado hatujui kama ameponywa na dawa, au na maji na chakula, au na nguvu ya mwili wake. Kupona kwake ni furaha, lakini si uthibitisho.

Muyembe hakukasirika akaacha. Miaka 11 baada ya mlipuko, damu ya mtu aliyepona Kikwit ilichunguzwa katika maabara za ng'ambo. Katika kingamwili zilizomo, watafiti walichagua moja yenye nguvu, wakaiita mAb114. Iliwaokoa nyani walioambukizwa Ebola, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Hata hivyo, nyani si mtu.

Tarehe 1 Agosti 2018, mlipuko mpya ulitangazwa kwetu, Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa Novemba mwaka huo jaribio kubwa lilianza katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, Muyembe akiwa mmoja wa viongozi wake. Jina lake lilikuwa la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Dawa zilikuwa 4, na kila mgonjwa alipewa moja kwa kura. Je, kupiga kura juu ya uhai wa mtu si ukatili? Hapana. Hakuna aliyeachwa bila dawa, wote walipata huduma ileile, na hakuna daktari aliyejua ipi ni bora. Daktari akichagua kwa kukisia, pengine atawapa walio na nafuu dawa anayoipenda, kisha ataisifu dawa kwa kazi isiyo yake.

Tunakumbuka jinsi siku zile zilivyokuwa. Wengi walisema Ebola ni biashara. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi wa Aprili 2019 daktari mmoja aliuawa Butembo. Katikati ya hofu hiyo, wagonjwa 681 waliingia katika jaribio, kwa kukubali wenyewe au kwa kukubaliwa na jamaa zao.

Mwezi wa Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana. Kati ya waliopewa dawa mbili za kwanza, karibu nusu walikufa. Kati ya waliopewa mAb114, walikufa 35 kwa 100, na waliopewa dawa ya nne, 33 au 34 kwa 100. Waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, wakapewa moja ya dawa hizo mbili bora, walikufa 1 hivi katika kila 10. Tangu hapo, wagonjwa wote waliofuata walipewa hizo mbili tu.

Damu iliyozaa mAb114 ilitoka Kikwit, na uthibitisho wake ulitoka kwa wagonjwa wa Beni na jirani zake. Lakini dawa yenyewe hutengenezwa ng'ambo. Kazi hiyo inawangoja wale kati yenu watakaosoma kemia na biolojia kwa bidii, na kusubiri jibu bila kulilazimisha.

Maswali ya kushirikishana:

1. Katika mtaa wetu, tunaposikia dawa ikisifiwa, je, huwa tunauliza imelinganishwa na nini?
2. Wagonjwa 681 walikubali kusaidia watu wasiowajua. Sisi tungekubali?
3. Ni maneno gani tuliyoyaeneza wakati wa Ebola bila kujua ukweli wake, na yalimdhuru nani?