Mguu wa Tatu

Kichwa cha chaja ya simu kinachouzwa madukani kwetu huwa na miguu mitatu. Miwili ya chini ni ya chuma. Ule wa juu, mrefu kuliko wenzake, kwenye chaja nyingi ni plastiki tupu. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo una haki ya kuuliza unafanya nini pale. Kwetu Ihanja, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, nimewauliza watu wengi swali hilo, na jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba mguu ule unakishikilia kichwa kisidondoke ukutani. Si jibu baya. Lakini kazi yake hasa ni nyingine: ule mguu ni ufunguo.

Nyuma ya matundu mawili ya chini ya soketi kuna vifuniko vidogo vinavyoziba njia ya umeme. Mguu wa juu, kwa urefu wake, hutangulia kuingia, na ukishaingia vifuniko hivyo husogea pembeni. Bila huo, hakuna kinachopita. Ndiyo maana mwenye chaja ya miguu miwili ya mviringo huchukua kijiti, kifuniko cha peni au ncha ya kijiko, akachokonoa tundu la juu huku akisukuma chaja kwa mkono mwingine. Nchi hii nzima inaujua mchezo huo. Tunaufanya gizani, tukiwa tunaongea, bila hata kutazama.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na wenzangu wanaitafuta historia kwenye maboma ya Wajerumani, kwenye barua za wamisionari, kwenye ripoti za mabwana shauri. Mimi nimevutwa na tundu hilo la juu.

Lilibuniwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942, mabomu yakiwa bado yanaanguka, Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya huko iliunda kamati ya kufikiria nyumba zitakazojengwa vita vikiisha zitafungwa umeme wa namna gani. Ripoti ilitoka mwaka 1944. Shaba ilikuwa adimu, ikapendekezwa nyaya zizunguke nyumba kama pete ili kupunguza matumizi yake, na kila plagi ibebe fyuzi yake yenyewe. Sharti jingine lilikuwa usalama wa watoto wadogo: soketi iwe kitu ambacho mtoto hawezi kukitia kidole wala msumari akadhurika. Kwenye kamati hiyo alikuwamo mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyekuwa ameongoza kwa miaka mingi chama cha wanawake cha kueneza matumizi ya umeme majumbani. Mwaka 1947 kipimo kikachapishwa rasmi kwa jina la BS 1363. Ndicho kilichomo ukutani kwa bibi yangu.

Kilifikaje? Tanganyika wakati huo ilikuwa mikononi mwa Mwingereza, lakini haikuanza hivyo. Umeme wa kwanza uliletwa Dar es Salaam na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wao. Vita Kuu ya Kwanza ikawang'oa. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakagawana lililokuwa koloni moja: Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Mbelgiji. Leo ukivuka kutoka Kigoma kwenda Bujumbura na chaja ya miguu mitatu utahitaji adapta, kwa sababu kule matundu ni ya mviringo, ya mtindo wa bara la Ulaya. Vivyo hivyo ukiingia Kongo. Ila ukienda Nairobi, Kampala, Unguja au hata Muscat, unachomeka na kulala. Wanasiasa wanaweza kutuimbia Afrika Mashariki moja mchana kutwa. Ikifika usiku na chaji imebaki asilimia nne, mpaka wa 1919 unauona ukutani.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Ihanja haikuwahi kuuona umeme wa Mwingereza. TANESCO na DARESCO, kampuni mbili za binafsi zilizoanzishwa mwaka 1931, zilihudumia miji na wateja wakubwa kama mashamba ya mkonge ya Tanga. Kijiji cha Wanyaturu kinacholima uwele na mtama hakikuwa mteja wa mtu. Serikali huru ilizinunua kampuni hizo kuanzia mwaka 1964, na bado nguzo hazikuja. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007, na hatimaye nguzo zikaja, kwa gharama ya kuunganishiwa ya shilingi 27,000. Mkoloni alikuwa ameondoka zaidi ya miaka arobaini. Tundu lake likafika bila yeye.

Simu haikusubiri nguzo. Hapa wanaoandika historia ya teknolojia kutoka mbali huwa wanateleza, wakidhani umeme hutangulia na vifaa hufuata. Kwetu simu zilitangulia. Nikiwa darasa la pili au la tatu, palikuwa na kibanda kimoja chenye paneli ya sola juu ya bati na betri ya gari sakafuni. Ulimpa mwenye kibanda simu yako, akakupa kipande cha karatasi chenye namba, ukalipa shilingi 300, ukarudi jioni. Kando ya betri palining'inia nyaya kama utumbo wa mbuzi: pini nene ya Nokia za zamani, pini nyembamba ya Nokia zilizofuata, mdomo mpana wa Samsung, mdomo wa Motorola, na vingine visivyo na jina. Simu isiyopata mdomo wake ilitolewa betri na kubanwa kwenye kile kichajio cha kubana tulichokiita kobe, taa zake nyekundu na kijani zikipepesa.

Hesabu ya shilingi 300 hizo inafaa kufanywa. Betri ya simu janja ya leo, ya mAh 5,000, hubeba takriban Wh 19. Ukiongeza umeme unaopotea kama joto, tuseme 25. Uniti moja ya LUKU ni Wh 1,000. Kwa hiyo uniti moja hujaza simu kubwa mara arobaini hivi. Mteja mdogo, asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kuchaji simu mara moja nyumbani ni shilingi tatu au nne. Vijitochi vya wakati ule vilikuwa na betri ndogo mara tano, na tulilipa 300. Simlaumu mwenye kibanda, maana paneli na betri alivinunua kwa pesa yake. Nasema tu kwamba aliye mbali na nguzo hulipa umeme ghali kuliko aliye chini yake.

Nguzo zilipofika, kibanda kikafungwa na kila nyumba ikawa kibanda. Ndipo swali la kuchagua chaja likahamia kwa kila mtu, na wengi wetu tulichagua kwa bei.

Msimu wa mvua uliopita, mtoto wa jirani yetu mwenye miaka tisa alipigwa shoti akiwa ameshika simu iliyokuwa kwenye chaji. Hakugusa soketi, wala waya uliochubuka. Alikuwa amekaa chini, miguu mitupu, kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, anacheza gemu. Mama yake anasema vidole vilikataa kuachia. Kaka yake alikuwa na akili ya kukimbilia swichi ya ukutani badala ya kumvuta mdogo wake. Mtoto alipona, ana kovu la kahawia kwenye kidole gumba, na mpaka leo haishiki simu iliyo kwenye waya.

Niliichukua ile chaja nikampelekea fundi simu wa pale senta. Akaipasua kwa bisibisi, kisha akapasua na nyingine mbovu, iliyokuja na simu yake boksini, akaziweka pamoja juu ya meza. "Angalia, dada," akasema, "hii ina ukuta. Hii haina."

Alimaanisha hivi. Umeme wa ukutani ni volti 230. Simu inataka tano. Chaja za zamani zilishusha umeme kwa transfoma ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia pilipili. Za sasa hukatakata umeme mara makumi ya maelfu kwa sekunde, na kwa kasi hiyo transfoma ya ukubwa wa punje ya hindi inatosha. Ndiyo maana ni nyepesi na hukubali chochote kati ya volti 100 na 240, jambo la heri kwetu ambako saa moja jioni umeme hupungua nguvu. Lakini ndani ya kijisanduku hicho upande wa volti 230 na upande wa volti 5 wanakaa kama majirani wasiosalimiana, na kati yao lazima pabaki nafasi ya milimita kadhaa, na nyaya za transfoma zifungwe kwa tabaka za utepe. Kwenye chaja nzuri pengo hilo lilionekana wazi, na ubao wenyewe ulikuwa umekatwa mfereji katikati. Kwenye ile iliyompiga mtoto, pande mbili zilikaribiana kwa unene wa kucha, na transfoma ilikuwa na utepe wa mzunguko mmoja, tena umelegea. Unyevu na joto vikamalizia. Volti 230 zikapita kwenye waya mweupe hadi kwenye simu.

Hili si la vijijini kwetu tu. Mwaka 2013 nchini China mwanamke mmoja alifariki baada ya kushika iPhone iliyokuwa kwenye chaji, na chaja isiyo halisi ikashukiwa. Mwezi uliofuata Apple ilianza kupokea chaja za bandia na kuwauzia wateja halisi kwa bei ya punguzo. Ihanja hakuna mpango kama huo. TCRA ilipozima simu bandia Juni 2016, iliweza kufanya hivyo kwa sababu kila simu ina namba yake ya IMEI. Chaja haina namba. Hakuna mtu aliyeko Dar es Salaam anayeweza kuizima.

Basi mtu achague vipi? Ushauri wa "nunua orijino" hunikera, kwa sababu hutolewa na watu ambao kwao tofauti ya shilingi 3,000 na 25,000 si kitu. Mama anayesubiri alizeti ipande bei atanunua ya 3,000, na wewe ungekuwa yeye ungeinunua. Hata hivyo yapo ya kuangalia yasiyohitaji pesa. Pima uzito mkononi: chaja iliyo tupu kama ganda la karanga imepunguziwa kitu ndani. Soma maandishi madogo. Yaliyokosewa herufi, au yasiyokuwapo kabisa, yamekwisha sema. Tafuta mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, alama ya ukuta ule aliousema fundi, inayodai kuwa chaja ina kinga maradufu na haihitaji waya wa ardhini. Alama hughushiwa, najua, hata ya TBS, lakini asiyejisumbua hata kughushi anakuambia mengi.

Kuhusu namba, hofu ya wengi iko upande usio sahihi. Watu huogopa kwamba kichwa chenye ampea nyingi kitaua simu ndogo. Ampea ni kama maji kwenye mtungi: simu huchota inachohitaji. Volti ndizo zinazopaswa kulingana, na vichwa vya kuchaji haraka, vyenye uwezo wa kutoa volti 9, 15 au 20, huulizana kwanza na simu. Isipojibu, hubaki kwenye tano. Kichwa kizuri cha kompyuta mpakato kinaweza kuchaji simu ya kawaida bila shida. Kibovu cha wati 5 kinaweza kuunguza godoro, hasa kikiwa na miguu miwili myembamba inayocheza ndani ya tundu lisilo lake, kikitoa cheche usiku kucha. Na mvua ya radi ikianza, chomoa. Umeme ukikatika, chomoa pia, kwa sababu unaporudi huja kwa kishindo.

Ule utumbo wa nyaya wa kibandani, kwa upande wake, ulipunguzwa na watu wa mbali vilevile. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya, ikihesabu zaidi ya aina 30 za chaja sokoni kwake, iliwakalisha watengenezaji wakubwa wakakubaliana kuhusu mdomo mmoja mdogo wa USB. Baadaye ikatunga sheria, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima zichajiwe kwa USB-C, na mnunuzi awe na haki ya kuinunua bila kichwa. Apple ilishaacha kuweka vichwa boksini mwaka 2020, wengine wakafuata. Hoja yao ni kwamba kila nyumba ina vichwa vya kutosha, na kuviongeza ni kuongeza taka. Kwa Brussels huenda ni kweli. Kwetu maana yake ni kwamba simu inafika na waya tu, na kichwa unakitafuta mwenyewe.

Duka la vifaa vya simu lililo karibu na stendi yetu sasa linauza vichwa vitupu kutoka kwenye ndoo mbili za rangi. Moja ni ya miguu mitatu. Nyingine ni ya miguu miwili, na bei yake ni pungufu kwa shilingi 1,000. Kando ya ndoo hiyo ya pili mwenye duka ameweka kopo la vijiti alivyovichonga mwenyewe, virefu kama kidole. Ukinunua kichwa, kijiti unapewa bure.