Laga: Bia Iliyolazwa

Katika baa za Kampala, kabla chupa haijafunguliwa, mhudumu huuliza: "Ya baridi au ya moto, ssebo?" Ya moto si iliyopashwa, ni ile iliyokaa kwenye kreti, nje ya friji. Jioni moja pale Wandegeya niliagiza zote mbili, laga ileile nyepesi ya bei nafuu, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa likinisumbua.

Laga imetoka katika Kijerumani, ambako lager ni ghala, mahali pa kuhifadhia. Jina halitaji nafaka, rangi wala ukali, linataja kukaa. Mwaka 1553 ilipigwa marufuku Bavaria kupika bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, maana joto liliiharibu. Ikapikwa majira ya baridi, ikatunzwa katika mahandaki yenye barafu, ikanywewa jua likiwaka. Bia ya kiangazi, kumbe, ni kazi ya kipupwe. Kampala haina majira hayo. Huku baridi hutengenezwa na mashine, mwaka mzima.

Baridi hiyo ina kazi mbili. Kwanza, chachu ya laga huchachusha polepole, kwenye nyuzijoto 8 hadi 13 hivi. Kisha bia huachwa wiki kadhaa karibu na sifuri, itulie. Bia changa ina harufu ya tufaha bichi, na pengine ladha ya siagi. Chachu ndiyo iliyozitoa ladha hizo, na chachu hiyohiyo, ikipewa muda, huzila tena. Bia nzito yenye kimea kilichokaangwa sana inaweza kuficha kasoro hizo. Nyepesi haina pa kuzifichia. (Nikisema nyepesi nasema juu ya uzito wake kinywani, rangi ya majani makavu ni habari nyingine, ingawa Kiingereza huzibeba zote mbili kwa neno moja.)

Sasa tuiiteje kazi hiyo ya kuiacha bia itulie? "Bia ya ghala" inanuka biashara ya jumla. "Iliyotuama" inaleta dimbwi na mbu. "Iliyolala" ni mbaya zaidi: chakula kilicholala ni kiporo, na hakuna mpishi wa bia atakayekubali sifa hiyo. Lakini badilisha kitenzi kidogo tu, useme kulaza. Mtoto hulazwa, mgonjwa hulazwa. Pana mtu macho, anayeangalia na kujua saa ya kumwamsha. Kiporo kililala chenyewe kwa kusahauliwa, bia imelazwa kwa makusudi. Kwa hiyo napendekeza tuache laga iwe jina la kinywaji, maana limeshazoeleka, na kazi yenyewe tuiite ulazaji.

Neno hili linasaidia hata kupima unafuu. Mwaka 2002 Nile Breweries ya Jinja ilileta Eagle Lager, iliyopikwa kwa mtama mweupe wa Epuripuri unaolimwa na wakulima wa Uganda badala ya kutegemea shayiri ya kutoka nje, na serikali ikaitoza ushuru mdogo. Bei ilishuka kwa sababu ya nafaka na kodi. Huo ni unafuu wa halali kabisa. Unafuu ninaouogopa ni wa kupunguza siku za kulaza ili tangi lipate nafasi, kwa sababu huo mnywaji ndiye anayeulipia, kwa ulimi.

Nilianza na ya baridi. Povu jeupe, gesi nyingi, uchungu wa hopi uliogusa na kupita. Baridi huutia ulimi ganzi, hivyo sikuamini bado. Nikamimina ya moto, nikaifunika glasi kwa kiganja, nikanusa: mkate, nafaka mbichi kidogo, na kwa mbali harufu ya mahindi ya kuchemsha. Tufaha halikuwapo. Siagi haikuwapo. Nikanywa taratibu, nikiisubiri kasoro, na hadi funda la tano haikutokea. Kilichopungua ni uchungu tu, ambao mwishoni uliuachia utamu nafasi kubwa kuliko ninavyopenda. Niliipa 7 kati ya 10.

Mhudumu aliporudi kuniuliza kama anibadilishie ile ya moto, chupa ilikuwa tupu.