Tezi na Omo: Historia ya Gari Lililovushwa Bahari

Bahari ina chombo chake, na nchi kavu ina chake. Ndivyo walivyoishi wanadamu kwa karne nyingi: msafiri alifika pwani, akaacha kilichomfikisha, akapanda chombo kingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilizuka hamu mpya, nayo ni ya kwenda kupumzika ng'ambo na gari lako mwenyewe, ulishushe bandarini na uendeshe katika barabara za watu. Hamu hiyo ilijaribiwa zaidi pale Uingereza inapotazamana na Ufaransa, katika Mlango wa Bahari wa Dover. Penye wembamba wake mkubwa hapazidi kilomita 33 au 34, yaani karibu nusu ya mwendo wa kutoka Unguja hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, gari lilihitaji zaidi ya nusu karne ili livuke pale kwa wepesi, na wepesi huo ulikuja kudai gharama yake.

Katika siku za mwanzo gari lilihesabiwa kuwa shehena kama shehena nyingine. Tangi lilimwagwa petroli, gari likafungwa kwa kamba na minyororo, kisha winchi ikaliinua juu ya gati, likaning'inia hewani huku mwenyewe akilitazama roho mkononi. Upande wa pili yalifanywa yayo hayo. Meli zilikuwa mikononi mwa kampuni za reli, na nauli ya gari ilikuwa kubwa kiasi cha kuwafukuza wengi. Kwa hiyo matembezi hayo yalikuwa ya wenye nafasi. Mshairi Rudyard Kipling, kwa mfano, alikuwa miongoni mwa Waingereza waliozoea kuizunguka Ufaransa kwa gari la Rolls-Royce. Baada ya mwanawe kuuawa vitani mwaka 1915, ziara zake zilimpitisha pia katika makaburi ya askari.

Bahari haikuwa kizuizi pekee. Palikuwa na mlango mwingine, nao ni wa forodha. Kwa macho ya ofisa wa forodha, gari linaloshuka melini ni bidhaa: nani ajuaye kama mwenyewe hatoliuza huko huko na kurejea mikono mitupu? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Forodha ilikhofu mgeni ambaye angepewa jembe akabaki moja kwa moja pasi na kulipa ushuru. Dawa iliyopatikana ni dhamana. Vyama vya wenye magari viliwadhamini wanachama wao, vikatoa hati yenye vipande vitatu, iliyojulikana kwa jina la Kifaransa la triptyque. Gari likiingia, hati ilipigwa muhuri. Likitoka, ilipigwa tena. Lisipotoka, chama kililipa. Mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1909 ulianzisha cheti cha kimataifa cha gari na herufi za kutambulisha nchi litokako. Ni katika utaratibu huo ambapo magari ya Afrika Mashariki baadaye yalipata herufi zake: EAK kwa Kenya, EAU kwa Uganda, EAT kwa Tanganyika na EAZ kwa Zanzibar. Hatimaye, tarehe 4 Juni 1954, mkataba wa New York ulisawazisha masharti ya kuingiza kwa muda magari ya watu binafsi. Neno zito katika mkataba huo ni hilo la "kwa muda": gari linapokewa kwa ahadi ya kurudi kwao.

Mlango wa forodha ulifunguliwa kwa karatasi. Mlango wa bahari ulifunguliwa na mtu mmoja aliyechoshwa na nauli. Mwaka 1928 Kapteni Stuart Townsend alikodi meli ndogo ya mizigo, jina lake Artificer, iliyoweza kubeba magari 15 na abiria 12, akaanza kuvusha magari baina ya Dover na Calais kwa bei ya chini. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuiaibisha kampuni ya reli ili ipunguze nauli. Lakini wateja walikuja, na jambo la msimu likawa kazi ya maisha. Mwaka 1930 alinunua Forde, meli ya zamani ya kutegulia mabomu ya baharini, akaigeuza iwe ya magari. Kampuni ya reli nayo haikulala: mwaka 1931 ilileta meli yake yenyewe ya magari, Autocarrier. Ushindani wa wawili ukawa nafuu ya wengi.

Forde ilikuwa na jambo ambalo halikuzingatiwa sana wakati ule. Tezini, yaani sehemu ya nyuma, ilikuwa na mlango uliowezekana kushushwa. Bandari hazikuwa na daraja la kuupokea mlango huo, kwa hiyo winchi iliendelea na kazi yake. Mwaka 1936 wafanyakazi wa winchi wa Calais walipogoma, mlango ulishushwa na magari yakateremka kwa magurudumu yao wenyewe. Mgomo ulikwisha, winchi ikarudi, lakini fundisho lilikuwa limekwisha kupatikana. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, tarehe 30 Juni 1953, Dover ilifungua gati yenye madaraja ya magari, yanayopanda na kushuka kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Tangu hapo mwalimu, karani na fundi waliweza kuingia melini wakiwa wameshika usukani, watoto wakiwa nyuma na hema juu ya paa.

Wapo waliojaribu hata anga. Mnamo Julai 1948 kampuni ya Silver City ilirusha ndege aina ya Bristol Freighter kutoka Lympne hadi Le Touquet, tumboni mkiwa na gari. Safari ilikuwa ya dakika ishirini hivi. Ndege zile zilipendwa kwa miaka, lakini hazikuweza kushindana na meli iliyomeza magari kwa mamia, na katika miaka ya 1970 zikatoweka.

Meli zilikua. Mlango mmoja wa tezi ukawa haba, zikaundwa meli zenye mlango tezi na mlango omo, gari liingie huku litokee kule pasi na kugeuzwa. Ili magari yapite, sitaha ya chini iliachwa wazi mwanzo hadi mwisho, bila ya kuta za kuigawa. Hapo ndipo ilipojificha hatari ambayo kila baharia wa jahazi anaijua. Maji yaliyotulia ngamani ni mzigo tu. Maji yaendayo mrama upande hadi upande ni adui, kwani huelemea pale pale chombo kilipoinamia.

Jioni ya tarehe 6 Machi 1987 meli ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Dover. Ilikuwa mali ya Townsend Thoresen, kampuni iliyotokana na ile ya Kapteni Townsend. Milango ya omo ilikuwa wazi. Aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani mwake, na nahodha hakuwa na taa wala alama ya kumjulisha. Maji yakaingia sitaha ya magari, na kwa muda wa dakika moja na nusu hivi meli ikalala ubavu. Walikufa watu 193. Uchunguzi ulibaini kwamba manahodha wa kampuni walikwisha kuomba taa za kuonyesha kama milango imefungwa, wakapuuzwa. Mwaka uliofuata kanuni za kimataifa zikaamrisha taa hizo. Taa ndogo, iliyokuja baada ya roho 193.

Chombo cha mlango si cha Ulaya peke yake. Kwenye feri ya Likoni, Mombasa, magari huingia na kutoka kwa mlango ushushwao, uzao ule ule wa Forde. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka feri ya MV Harambee, likatumbukia Kilindini na mama na bintiye wa miaka minne. Siku 13 zilipita kabla ya kuopolewa. Pale kulikuwa na mwendo wa dakika chache tu, usiohitaji hati wala dhamana.

Wapwani wana msemo: kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Historia ya gari lililovushwa bahari imekwenda huko kote. Ilifungua tezi kwa ajili ya mnyonge, ikafungua omo kwa ajili ya haraka, na mara mbili imeteremka ngamani kujifunza jambo lile lile. Forodha iliweka dhamana ili gari lirudi kwao. Aliye ndani ya gari hakuandikiwa hati ya namna hiyo; dhamana yake ni yule anayehakikisha, kabla kamba hazijafunguliwa, kwamba mlango umefungwa.