Matumizi Salama ya Dawa Mchanganyiko kwa Kikohozi chenye Makohozi
Dawa mchanganyiko ya kikohozi huwa na viambato viwili au zaidi katika chupa moja. Mwananchi wa Ifakara na Bonde la Kilombero anayeinunua famasi au katika duka la dawa muhimu anashauriwa kusoma lebo kwanza. Iwapo ina parasetamoli, asiongeze vidonge vya parasetamoli. Zaidi ya gramu 4 kwa siku huweza kudhuru ini la mtu mzima. Dawa inayoleta usingizi isitumiwe na dereva wa bodaboda awapo kazini. Kikohozi kikidumu wiki 2 au zaidi, au makohozi yakiwa na damu, mgonjwa asinunue chupa nyingine, bali afike kituo cha afya kupimwa kifua kikuu, ambacho hutibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali.