Kubadili stadi za gurudumu nyumbani

Stadi ni boliti za kwenye habu zinazofungwa nati za tairi. Ikikatika moja, mzigo huhamia kwa zilizobaki.

Kabla ya kununua, hakikisha uzi: magari madogo mengi ya Toyota hutumia kipenyo cha milimita 12 na hatua 1.5, Nissan na Subaru nyingi, 12 na 1.25. Ukichanganya, nyuzi huharibika na tairi linaweza kuchomoka njiani.

Legeza nati, inua gari kwa jeki, liegemeze juu ya stendi, toa tairi, kalipa na diski. Gonga stadi mbovu itokee nyuma. Ingiza mpya, weka washa na nati ya zamani, kaza hadi kichwa kigote. Rudisha tairi, kaza kwa kukingamisha. Kagua tena baada ya kilomita 80.