Ulyankulu, Katumba, Mishamo: Nani Alilipia Ukarimu?

Mwanzoni mwa mwaka 2018 serikali ya Rais John Magufuli ilijitoa katika CRRF, mpango wa Umoja wa Mataifa uliolenga kuwawezesha wakimbizi kujitegemea badala ya kuishi kwa kufungiwa kambini. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: usalama na fedha. Wengi walishangaa, kwa kuwa Tanzania ilisifiwa kwa ukarimu wake. Lakini ukarimu huo umeongozana na usalama na fedha tangu mwanzo, na ushahidi upo katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Mwaka 1972, jeshi la Burundi lilipowaua Wahutu kwa makumi ya maelfu, umati mkubwa ulikimbilia Tanzania. Mwaka uliofuata ndege za Burundi zilishambulia vijiji vya mpakani, Watanzania wakauawa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kuwa mkimbizi akikaa jirani na mpaka anajihatarisha yeye na mwenyeji wake, ikawapeleka ndani: Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na, mwaka 1978, Mishamo, upande wa Mpanda. Ulikuwa uamuzi wa kiusalama, lakini uliambatana na jembe. Kila familia ilipewa ardhi. UNHCR na shirika la TCRS wakajenga barabara, visima, shule na zahanati, na fedha zikaendelea kuja kwa miaka. Pori la miombo lililojaa mbung'o likawa mashamba ya mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalijilisha na kuuza ziada.

Mambo yaligeuka mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wameua katika mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Hofu ya wenyeji ilikuwa na msingi, na anayeibeza leo hawatendei haki watu wa Ngara. Machi 1995 mpaka na Burundi ukafungwa. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao kwa nguvu. Mwaka 1998 ikatungwa sheria iliyombana mkimbizi abaki kambini.

Ndiyo maana hatua ya mwaka 2007 ilikuwa ya kipekee. Serikali iliwapa Warundi wa 1972 hiari ya kurudi kwao au kuomba uraia, na wengi mno wakachagua kubaki. Maombi ya watu zaidi ya 162,000 yakakubaliwa. Hata hivyo vyeti havikutolewa. Walitakiwa kwanza kuyahama makazi na kutawanywa katika mikoa mingine, ili wasibaki kundi moja lililojitenga. Kuwahamisha kulihitaji fedha nyingi, na wafadhili hawakuzitoa zote. Baadhi ya mikoa nayo haikuwataka. Miaka ikapita, mtu si mkimbizi wala raia, hajui kama apande mihogo atakayoivuna mwingine. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote katika historia hii, kwa sababu lilivunja jambo lililokuwa linakwenda vizuri. Sharti la kuhama lilipoachwa, Rais Jakaya Kikwete akaanza kugawa vyeti Oktoba 2014. Mwaka uliofuata raia hao wapya wakapiga kura.

Mwaka huohuo wa 2015 Burundi ilichafuka tena, na kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli zikajaa. CRRF ilipoletwa, sehemu ya fedha za Benki ya Dunia ilikuwa mkopo. Nchi iliyopokea wakimbizi tangu uhuru ikaambiwa ikope ili iendelee kuwapokea! Kuukataa mkopo huo kulikuwa haki. Nisichokubali ni yaliyofanyika kambini: kusitishwa kwa mgao wa fedha taslimu Nyarugusu mwaka 2017, na kufungwa kwa masoko ya pamoja miaka miwili baadaye. Hatua hizo hazikuiongezea hazina hata senti, na wakulima wa Kasulu na Kibondo waliokuwa wakiuza mazao humo walipoteza wateja wao.